Foleni za Morgantown, mji mdogo wa chuo milimani: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kila Agosti wageni wakifika hapa Morgantown, West Virginia, naulizwa maswali yaleyale, halafu ndugu wa nyumbani wakiona video ya kile kigari kisicho na dereva nao wanauliza yaleyale. Nimechoka kurekodi voisi noti, nimeyaandika. Mimi si mhandisi wa barabara, ni mtu tu niliyesoma hapa nikabaki, miaka saba sasa, nimepanda basi, nimepanda kigari, nimetembea, na nimekaa kwenye foleni nikiwa na gari langu mwenyewe nikijilaumu. Una swali moja tu? Nenda moja kwa moja kwenye swali lako.

## Mambo ya msingi

Mji wa watu elfu thelathini una foleni? Unatania?

Sitanii. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 30,000 na ushee, sasa ongezea wanafunzi wa West Virginia University ambao ni kama 25,000, ongezea hospitali kubwa ya chuo inayopokea wagonjwa kutoka jimbo zima, ongezea wafanyakazi wanaolala vijiji vya jirani na kuingia mjini asubuhi. Hawa wote wanataka kupita palepale kwa saa ileile.

Ila usifikirie foleni ya Ubungo ile ya zamani ya kuzima injini na kununua karanga. Ya hapa ni fupi, saa moja au mbili hivi, kisha barabara inabaki tupu hadi unajiuliza wale watu wamekwenda wapi. Na ndo maana dawa yake ni tofauti na ya jiji kubwa: tatizo la hapa ni saa chache na vichochoro vichache, wingi wa magari unafuata nyuma.

Inakaba wapi hasa, na saa ngapi?

Beechurst Avenue ndo mama wa foleni zote. Ni barabara inayofuata mto Monongahela ikiunganisha katikati ya mji na upande wa Evansdale, kwenye kampasi ya pili ya chuo, upande mmoja mto, upande mwingine mlima, na chuo kimekaa juu yake. Ya pili ni University Avenue, hiyo inapanda mlimani na kupita katikati ya wanafunzi wanaovuka. Ya tatu ni Patteson Drive kule kwenye maduka. Na madaraja, hasa lile la kutokea Westover, mji mdogo wa ng'ambo ya mto, kuingia mjini, maana mto ni mmoja na madaraja unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Saa: mbili kasorobo mpaka tatu asubuhi, halafu saa kumi mpaka kumi na mbili jioni. Katikati ya siku kuna vifoleni vidogo kila vipindi vinapobadilishana, watoto wanamwagika kutoka madarasani wanavuka barabara kama siafu na magari yanasubiri, ni haki yao kuvuka, tulia.

Kwa nini wasipanue barabara tu?

Hili naulizwa na kila mtu mwenye gari. Kaa Beechurst uangalie kushoto na kulia. Kuongeza njia moja ya magari unatakiwa ama uchonge mlima ambao una mawe yanayoporomoka (tazama swali la jiwe huko chini) ama ujaze mto, ama ubomoe majengo. Hakuna kiwanja cha bure milimani, kila tambarare ndogo ilishapata mwenyewe zamani.

Halafu hata ukipanua, ile njia mpya inaishia kwenye taa ileile na daraja lilelile. Unakuwa umejenga sehemu pana ya kusubiria. Na barabara ikiwa nyepesi yule aliyekuwa anapanda basi anarudi kwenye gari, mwaka haujaisha mko palepale, hili limeonekana miji mingi duniani wala si la Morgantown peke yake.

Barabara hizi ni za nani? Nimlalamikie nani?

Swali zuri kuliko watu wanavyodhani. West Virginia ina mfumo wake: tangu 1933 jimbo lilichukua barabara za kaunti, kwa hiyo kaunti haina barabara, na ndani ya mji barabara kubwa zote zinazokaba ni za jimbo. Halmashauri ya mji ina vile vibarabara vya mitaani. Chuo nacho kina vyake ndani ya kampasi.

Matokeo yake unakuta mji unataka kubadilisha kitu kwenye barabara inayopita mlangoni kwake lakini neno la mwisho liko kwa jimbo. Ukitaka kuona mfano halisi soma swali la malori. Mimi naamini nusu ya tatizo la foleni hapa ni hili, kila mwenye uchungu hana barabara na mwenye barabara anakaa mbali.

## Kile kigari kisicho na dereva

Hicho kitu ni nini na kinafanyaje kazi?

Kinaitwa PRT, kifupi cha Personal Rapid Transit, yaani usafiri wa haraka wa vigari vya watu wachache, watu wanatamka pi-ar-ti. Ni vigari vidogo kama sabini hivi, vina viti vinane na nafasi ya kusimama, mkijibana mnafika ishirini. Vinatembea kwa matairi ya mpira juu ya njia yao ya zege, vinatumia umeme, havina dereva, na njia yao haikutani na magari popote, sehemu nyingine imeinuliwa kwenye nguzo na sehemu nyingine iko chini. Stesheni ni tano: Walnut katikati ya mji, Beechurst, Engineering, Towers, na ya mwisho iko hospitalini. Kutoka mwanzo mpaka mwisho ni kama kilomita sita, dakika kumi na mbili hivi.

Unaingia, unapitisha kadi ya chuo, unabonyeza kitufe cha stesheni unayokwenda. Hapo ndo uhondo ulipo. Saa za utulivu kompyuta inasubiri ama watu wa stesheni yako wajae wa kutosha ama dakika chache zipite, kisha inakuletea kigari kinachokwenda kwako moja kwa moja bila kusimama njiani. Inawezekana kwa sababu stesheni zimejengwa pembeni ya njia kuu, anayeshuka anachepuka na wengine wanapita. Saa za msongamano kompyuta inaacha kusikiliza vitufe inapeleka vigari kwa ratiba, na vinaweza kufuatana kwa sekunde 15 tu.

Mara ya kwanza nilipanda peke yangu saa nne usiku. Mlango ukajifunga, kikatikisika kidogo, kikaanza kukimbia juu ya nguzo na chini naona taa za magari Beechurst. Nilishika chuma kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda pikipiki mara ya kwanza. Sasa hivi nalala humo.

Nani alipata wazo hilo, na pesa zilitoka wapi?

Miaka ya 60 chuo kilikua kikaishiwa nafasi chini mjini, kikajenga kampasi ya pili Evansdale, kama kilomita tatu kutoka ya zamani. Wanafunzi wakawa wanabebwa na mabasi kwenye barabara zilezile nyembamba, basi linakwama, mwanafunzi anakosa kipindi. Profesa wa uhandisi wa viwanda hapa chuoni, Samy Elias, ndo akashika bango la kujenga njia ya pekee.

Pesa nyingi zilikuwa za serikali kuu ya Marekani, iliyokuwa inatafuta mahali pa kujaribia usafiri wa namna mpya. Boeing walitengeneza vigari. Oktoba 1972, wiki chache kabla ya uchaguzi, walifanya maonyesho na binti wa rais Nixon, Tricia, akaja kupanda, siasa haikuanza leo. Abiria wa kawaida walianza Oktoba 1975 kukiwa na stesheni tatu tu, mbili zikaongezwa mwaka 1979. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola milioni 15 mpaka 20, awamu ya kwanza peke yake ikaishia kwenye milioni 62 hivi. Kwa hiyo mkiona mradi nyumbani umezidi bajeti mara tatu msijione wa pekee.

Je, kimepunguza foleni kweli?

Ndiyo na hapana, na naomba usome mpaka mwisho maana watu wananikata katikati.

Ndiyo, kwa sababu siku ya kawaida ya masomo kinabeba watu maelfu, kimewahi kubeba zaidi ya elfu thelathini kwa siku moja mwezi Agosti 2006. Wachukue hao uwaweke kwenye magari na mabasi Beechurst, hutafika. Unaona hata siku kikizimwa, taa ya kwanza tu kutoka mjini unajua leo PRT haipo.

Hapana, kwa sababu stesheni zote tano ziko kwenye mstari mmoja wa chuo, hospitali na katikati ya mji. Mama anayekaa Cheat Lake, kitongoji cha nje ya mji, na kufanya kazi benki hakimsaidii. Anayekwenda kununua unga na kuku kule kwenye maduka makubwa hakimsaidii. Foleni unayoiona saa kumi na moja jioni ni ya hao, na kwao hakuna njia ya zege.

Nilikuwa nimekaa Beechurst siku moja, mvua, mbele yangu taa za breki mpaka kwenye kona, na juu yangu kigari kikapita kina msichana mmoja ndani anakula ndizi anaangalia simu. Kikapita kingine. Kikapita cha tatu. Ile wiki ndo niliacha kwenda kazini na gari.

Mbona wanasema kinaharibika kila siku?

Kinaharibika, ila kelele ni kubwa kuliko tatizo. Mwaka wa fedha 2006 kilisimama mara 259, ukisikia hivyo unashtuka, lakini muda wote uliopotea ukijumlisha ni kama saa 65 kati ya saa zaidi ya 3,600 za ratiba. Ni asilimia mbili. Shida ni kwamba asilimia mbili hizo wewe ulikuwa na mtihani.

Miaka iliyofuata uchakavu ulizidi, kompyuta za miaka ya 70 spea zake unazipata wapi, ndo chuo kikaanza kubadilisha mitambo ndani ya vigari na kisha mfumo mzima wa kuviongoza. Kwa sasa ni afadhali. Kikisimama njiani usifungue mlango ushuke kwenye njia, humo kuna umeme, tumia simu iliyomo ndani usikilize unachoambiwa.

Ni kweli jiwe liligonga kigari?

Kweli. Februari 2020 jiwe kubwa liliporomoka kutoka mlimani likaangukia njia na kugonga kigari, watu wakaumia. Ndo milima hiyo, na ndo jibu langu lingine kwa wanaosema chonga mlima upanue barabara.

Kama ni kizuri hivyo, mbona miji mingine haikuiga?

Bei, kwanza. Pili, kinafaa pale tu ambapo watu wengi wanatoka sehemu chache kwenda sehemu chache kwa saa zinazojulikana, na chuo chenye kampasi mbili ndo hivyo hasa. Uwanja wa Heathrow, London, una vigari vyao vidogo tangu 2011 kati ya maegesho na jengo la abiria, Masdar kule Abu Dhabi wana vichache. Vyote ni njia fupi za mahali maalumu. Mji wa kawaida watu wanakwenda kila upande, mahali hapo basi linashinda.

## Basi, baiskeli na miguu

Basi lipo? Nauli je?

Lipo, linaitwa Mountain Line, ni la umma. Mwanafunzi na mfanyakazi wa chuo anaonyesha kadi anapanda bila kulipa, maana chuo kinalipia kwa jumla. Linafika mahali ambapo PRT haifiki, maduka, Westover, vitongoji. Kasoro yake ni kwamba linakaa kwenye foleni ileile na wewe, na baadhi ya njia linapita mara moja kwa saa, ukilikosa umelikosa, si daladala kwamba nyuma kuna lingine linapiga honi.

Maoni yangu, kama pesa zingekuwepo mimi nisingejenga stesheni ya sita, ningeweka mabasi kila dakika kumi na tano kwenye njia tatu kubwa na taa za barabarani zinazotoa kipaumbele kwa basi. Haipendezi kwenye video lakini ingewahamisha wale wa Cheat Lake niliowataja juu.

Baiskeli kwenye mlima huu? Si nitakufa?

Kupanda kutoka mtoni mpaka juu ya kampasi, utakufa kweli. Lakini kuna siri ambayo wageni wanachelewa kuijua: pembeni ya mto kuna njia iliyokuwa reli zamani, waling'oa mataruma wakaweka lami, inaitwa Caperton Trail. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo njia yake ni tambarare kabisa, inakutoa katikati ya mji mpaka mji jirani wa Star City, sambamba na foleni ya Beechurst na wewe upepo unakupiga. Ukiwa na baiskeli ya umeme hata ule mlima wa mwisho unaupanda ukiongea na simu.

Kutembea je?

Walnut mpaka Beechurst unatembea kwa dakika kumi, usisubiri kigari kwa safari hiyo. Vaa viatu vyenye meno kuanzia Novemba. Ngazi ni nyingi, zingine hazina mwisho, magoti yatazoea.

## Gari lako

Nikija nilete gari au ninunue gari?

Semista ya kwanza usinunue. Kaa karibu na stesheni au njia ya basi, pima maisha yako, ndipo uamue. Kaka mmoja alifika tarehe kumi, tarehe kumi na tano ana gari, ndani ya mwezi ana tiketi nne za kupaki vibaya, akawa analipa faini kuliko mafuta.

Ukiwa na mtoto wa shule, au unafanya kazi usiku, hapo ni hadithi nyingine, tazama swali la mwisho.

Maegesho yanahusikaje na foleni? Si vitu viwili tofauti?

Ni kitu kimoja. Angalia High Street saa tano asubuhi, hesabu magari yanayokwenda polepole dereva akinyoosha shingo. Hawaendi popote, wanazunguka kutafuta nafasi ya kando ya barabara ya bei rahisi huku jengo la maegesho lina nafasi tupu lakini lina bei zaidi au linataka utembee mita mia mbili. Kila mmoja akizunguka mara tatu ni kama umeongeza magari mara tatu.

Dawa inajulikana ila wanasiasa hawaipendi: kando ya barabara pawe ghali kuliko ndani ya jengo, ili mwenye kukaa saa nne aende ndani na wa dakika kumi apate nafasi mlangoni. Kibali cha kupaki chuoni nacho kilipiwe kwa siku badala ya mwaka. Ukishalipa mwaka mzima unajiambia nimeshalipa, basi, kila siku unakuja na gari hata siku ambayo basi lingekufaa.

Na yale malori makubwa katikati ya mji?

Hiyo ni vita ya siku nyingi. Yanabeba mawe na mchanga, yanapita katikati ya mji kwa sababu barabara namba 7 ya jimbo inapita hapo, yanapanda kwa gia ndogo moshi mweusi mpaka ndani ya migahawa. Mwaka 2014 halmashauri ikapitisha sheria ndogo ya kuyazuia malori mazito, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2015 jaji akasema ile ni barabara ya jimbo, mji hauna mamlaka. Rudi kwenye swali la barabara ni za nani, sirudii.

## Siku zisizo za kawaida

Siku ya mechi nifanyeje?

Usitoke. Sawa, natania, kidogo. Uwanja wa mpira wa Kimarekani unaingiza watu 60,000, ukijaa unakuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa West Virginia, pamoja na makao makuu Charleston. Uko karibu na hospitali, kwa hiyo foleni yake inagusa wagonjwa. Fanya manunuzi Ijumaa asubuhi, na kama lazima uende hospitali toka masaa mawili kabla. Kupita tu kwenda mji mwingine? Zunguka na barabara kuu za nje ya mji, I-68 na I-79, usiingie mjini kabisa.

Chuo na polisi wanajua kuisimamia siku hii, barabara nyingine wanazigeuza ziwe za upande mmoja baada ya mechi. Kinachonishangaza ni kwamba siku sita au saba za mwaka zina mpango mzuri kuliko siku mia mbili za kawaida.

Theluji ikianguka?

Njia ya PRT ina mabomba ya maji moto yenye dawa ya kuzuia kuganda ndani ya zege, inayeyusha theluji yenyewe. Barabara hazina hiyo. Asubuhi ya barafu gari moja likishindwa kupanda University Avenue linateleza kinyumenyume na mji mzima umefungwa. Siku hiyo acha gari, hata kama lina magurudumu manne yanayovuta, aliyeko mbele yako hana.

Huku kwetu Iringa tunaweza kuiga nini?

Binamu yangu ndo kaniuliza, na Iringa kweli inafanana: mji uko juu, chini barabara kuu, unapanda kutoka Ipogolo kwa njia moja, na vyuo viko humohumo, Mkwawa, Ruaha Katoliki na Chuo Kikuu cha Iringa. Vigari msahau. Kinachoigika ni cha bure: vyuo vikae mezani vipishanishe saa za kuanza vipindi kwa nusu saa, stendi na soko visikae mdomo mmoja, na daladala zipewe mahali pa kushusha nje ya barabara zisisimame katikati ya mlima. Kuhamisha stendi ya mabasi ya mikoani kwenda Igumbilo kulikuwa kwa mwelekeo huo.

Nafanya zamu ya usiku na Jumapili, nani ananikumbuka?

Kusema kweli, hakuna. PRT Jumapili hailali tu, imefungwa kabisa, na usiku inafunga mapema. Basi Jumapili ni la kubahatisha. Wahudumu na wasafishaji wa hospitali ndo wanaoumia, na wengi wao ni wageni kama sisi. Wanachofanya ni kuchangia gari moja watu wanne wa zamu moja, wanagawana mafuta, anayeendesha halipi. Dada mmoja wa Bukavu ndo anapanga, ana daftari la shule lenye mistari, kila Ijumaa jioni anapiga simu nyumba kwa nyumba kuuliza nani yuko zamu. Ukipata kazi hospitali niambie nikuunganishe naye kabla hujakopa pesa ya gari.